Simu Inajua Ulipo, Haijui Unaendesha Gari Gani

Wasafiri wa magari ya kulala, yaani kempa, wanaoshuka Diani na Msambweni huongozwa na setilaiti hadi langoni. Taabu huanza pale lango lenyewe linapokuwa fupi kuliko gari.

Kempa inayotoka Nairobi ikifika Miritini huwa imeshameza zaidi ya kilomita 450 za lami, na macho ya dereva yameanza kuwa mazito. Hapo ndipo simu iliyonaswa kwenye dashibodi inapomtaka achague. Njia moja inaingia kisiwani Mombasa na kushuka Likoni, ambako mstari wa buluu unakata maji moja kwa moja kana kwamba pana daraja. Nyingine inashika barabara ya Dongo Kundu, inapita juu ya daraja la Mwache na lile la Mteza lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, kisha inatokea Kibundani kwenye barabara kuu ya Lunga Lunga. Simu hupima dakika tu. Ikiona upande mmoja una nafuu ya dakika nne, itaupendekeza huo, hata kama gari lina urefu wa mita saba na limebeba tangi la maji, mtungi wa gesi na vitanda vya watu wanne.

Magari ya aina hii si mageni Pwani Kusini. Wasafiri wanaovuka Afrika kwa malori yaliyogeuzwa nyumba wamekuwa wakipumzika Tiwi kwa miaka mingi. Siku hizi utakutana pia na familia za Nairobi ndani ya Hiace iliyotolewa viti na kutiwa godoro, au Land Cruiser yenye hema juu ya paa. Karibu wote wanaongozwa na simu, na si kosa, kwa sababu simu hujua mahali vizuri mno. Isichokijua ni gari. Ramani zinazotumiwa na wengi huuliza kama unakwenda kwa gari, kwa pikipiki au kwa miguu. Haziulizi kimo cha paa, upana wa vioo, uzito wa tangi, wala nafasi unayohitaji ili kugeuza. Machoni pa simu, kempa ya tani tatu na nusu na Vitz ni kitu kimoja.

Alama ndogo mbele ya namba

Tuanze na pale simu inapostahili sifa. GPS ni mali ya serikali ya Marekani. Setilaiti zake, zisizopungua 24, huzunguka dunia zikiwa takriban kilomita 20,200 juu yetu, na kila moja hutangaza saa yake bila kukoma. Simu inapozisikia nne au zaidi, hupima muda ambao kila tangazo limetumia njiani na kupata mahali ilipo. Hadi mwaka 2000 ishara iliyotolewa kwa raia ilivurugwa makusudi, na kosa liliweza kufika mita 100. Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo ukome Mei mwaka huo. Leo simu ya kawaida iliyo chini ya mbingu wazi hukosea kwa mita chache tu.

Kosa kubwa hutoka mikononi mwetu. Msambweni iko nyuzi 4 na dakika 28 kusini mwa ikweta, nyuzi 39 na dakika 29 mashariki. Kwa desimali huandikwa -4.467, 39.483. Ile alama ya kutoa mbele ya 4 ndiyo inayosema kusini. Ukiisahau, simu itakupeleka umbali uleule upande wa kaskazini, ng'ambo ya Moyale, ndani ya Ethiopia. Ukigeuza namba, ya pili ikatangulia, utaangukia Hispania, kusini-magharibi mwa mji wa Toledo. Makosa haya hayana madhara makubwa kwa sababu yanajitangaza yenyewe: hakuna atakayewasha gari Diani kwenda Toledo.

La kuogopwa ni lile linalofanana na ukweli. Mtu ameandikiwa dakika 28, yeye akaingiza -4.28, na dakika 29 akaifanya 39.29. Simu haitashtuka, kwa kuwa pahali hapo papo na pamo Kwale humohumo. Ila ni kama kilomita 30 kaskazini-magharibi mwa Msambweni, upande wa Vilima vya Shimba, mbali kabisa na bahari uliyoahidi watoto. Ndiyo maana inafaa kuitazama safari nzima kwenye skrini kabla ya kuondoka. Pini yako iwe ufuoni ikiwa unakwenda ufuoni.

Majina nayo yana mitego yake. Ukiandika Shimba Hills, unaweza kupewa mji mdogo wenye jina hilo, ulio kusini-magharibi mwa hifadhi, ilhali lango kuu la hifadhi liko karibu na mji wa Kwale, kwenye barabara ya Kinango. Ukiandika Tiwi, unaweza kuachwa sokoni kando ya barabara kuu, bahari bado iko mbele. Kwale lenyewe ni mji na ni kaunti, na kaunti inafika hadi mpakani mwa Tanzania. Afadhali kutafuta jina la lango, la kambi au la shule iliyo karibu.

Likoni kuna saa mbili

Turudi Miritini. Feri ya Likoni huvuka mkono wa bahari wa takriban nusu kilomita, na ramani huhesabu muda wa kuvuka na pengine wa foleni. Isichohesabu ni maji. Wakati wa bamvua, siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Maji yakipwa sana, feri hukaa chini, na mlango wake wa chuma hulala kwa pembe kali juu ya saruji ya gati. Gari dogo hupita bila kujua. Kempa yenye mkia mrefu nyuma ya magurudumu hushuka, pua ikaanza kupanda, na mkia ukasugua saruji. Bomba la maji machafu na ngazi ya nyuma ndivyo huumia kwanza.

Kwa hiyo dereva wa gari refu huko Likoni hutazama saa mbili: ya mkononi na ya maji. Jedwali la maji ya bandari ya Mombasa hupatikana kwa urahisi, na saa mbili au tatu za kusubiri zinaweza kuubadilisha kabisa mteremko huo. Asiyetaka hesabu hizo hufungua mipangilio ya ramani na kuweka alama kwenye kuepuka feri. Mstari utahamia Dongo Kundu papo hapo.

Dongo Kundu nayo ina adabu yake. Juu ya daraja la Mteza hakuna mti wala nyumba ya kukinga upepo, na miezi ya kusi gari lenye ubavu mpana husukumwa. Punguza mwendo, shika usukani kwa mikono miwili. Kabla barabara hii haijakamilika, waliotaka kukwepa feri walizungukia Mariakani na Kinango hadi Kwale, na programu nyingine bado huitoa njia hiyo kama mbadala. Ina mandhari nzuri, lakini vilima vya Shimba hupanda zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, na kutoka Kwale hadi Kombani ni kuteremka. Gari zito literemshwe kwa gia ndogo, si kwa breki peke yake.

Kilomita ya mwisho ndiyo safari

Kutoka Kibundani hadi Lunga Lunga, barabara kuu ni lami na haina fumbo. Waa, Kombani, Tiwi, Ukunda, Gazi, Msambweni, Ramisi: miji imepangana kwa utaratibu, na kikwazo kikubwa ni matuta, ambayo ramani huyasahau na vyombo vya jikoni havisahau kamwe. Fumbo huanza pale mstari wa buluu unapokata kushoto kuelekea bahari.

Tazama Tiwi. Ukisimama kwenye mdomo wa mto Mwachema, Msikiti wa Kongo uko ng'ambo, upande wa Diani, karibu kiasi cha kusikia adhana. Maji yakipwa, watu huvuka kwa miguu. Kwa gari hakuna daraja pale. Itabidi urudi hadi barabara kuu, uteremke mpaka Ukunda, ndipo ukate tena kwenda ufuoni. Pini iliyodondoka mita 200 upande usio wake, jambo linalotokea kwa kidole kinono juu ya skrini ndogo, inakugharimu mzunguko huo wote.

Diani ina barabara moja ndefu inayokwenda sambamba na bahari, na kutoka hapo vichochoro hushuka ufuoni katikati ya kuta za viwanja. Kwenye ramani vyote vina unene mmoja. Ukivifikia, kimoja kinapitisha lori, cha pili kinapitisha tuktuk. Juu kuna matawi ya mibuyu, nyaya za umeme na intaneti, na zile ngazi za kamba zilizotundikwa na Colobus Conservation, shirika lililoanza kazi Diani mwaka 1997, ili mbega wavuke barabara bila kugongwa. Mwenye hema juu ya paa ana wajibu wa kujua kimo chake kwa sentimita. Madereva makini hukiandika kwenye karatasi na kukibandika juu ya kioo cha mbele: kimo, upana, urefu, uzito. Usiku, ukiwa umechoka, kichwa hakikumbuki kama ni mita 2.4 au 2.7, na tofauti hiyo ndiyo paa lenyewe.

Kusini zaidi, Kinondo, kuna mtego wa aina nyingine. Kaya Kinondo ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Kwenye simu huonekana kama doa la kijani karibu na bahari, na kwa mtu anayetafuta pa kulala, doa kama hilo ni kishawishi. Lakini kaya ina wenyewe. Mgeni huingia akiongozwa, kwa miguu, akiwa amefungwa kaniki kiunoni, na hakuna anayeegesha gari la kulala humo.

Msambweni na Ramisi zina tatizo lao: njia nyingi kupita kiasi. Kuzunguka mashamba ya miwa, ramani imejaa mistari myembamba iliyokatana mraba kwa mraba. Trekta huzipita kiangazi na masika. Kempa ikiingia humo mwezi wa Mei, udongo mwekundu ukiwa umelowa, itatolewa na trekta hiyohiyo. Njia za ndani ya eneo la mgodi wa Base Titanium, uliomaliza uchimbaji mwishoni mwa 2024, nazo zinaweza kubaki kwenye ramani ilhali si za kila mtu.

Ndiyo maana safari ya kempa Pwani Kusini inafaa ipangwe kutoka mwisho kurudi mwanzo. Swali la kwanza liwe: gari litageuzia wapi? La pili: lango lina kimo gani? La tatu: kilomita ya mwisho ni lami, mchanga au udongo? Ukishapata majibu hayo, zile kilomita 500 za kabla yake waachie setilaiti. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunabishana Mtito Andei kuhusu dakika kumi, kisha tunafika kichochoroni saa mbili usiku bila kujua kama kina mwisho.

Kusoma ardhi

Dereva akifika kwenye kona asiyoiamini, asimamishe gari na ashuke. Ardhi husema mengi. Mfuo mmoja uliochimbika katikati ya njia ni wa boda boda, na haidhuru kwamba simu inaita pale barabara. Google ilipoleta njia za pikipiki kwenye ramani zake nchini Kenya mwaka 2018, wenye boda walinufaika. Mwenye kempa naye ahakikishe hajaiacha simu kwenye alama hiyo, la sivyo atapitishwa uani mwa watu. Mifuo miwili ni ya gari. Mifuo miwili mipana, yenye alama za tairi pacha, ni ya lori, na hiyo ndiyo habari njema.

Kisha atazame juu. Lori la mchanga au la mawe linapopita chini ya mkorosho huvunja vitawi, na mahali lilipovunjia panaonekana: jeraha jeupe kwenye gome likiwa jipya, jeusi likiwa la zamani. Jeraha likiwa juu kuliko paa lako, pita. Likiwa chini, au lisipokuwapo kabisa, hakuna gari refu lililotangulia. Na ukifika salama, usiegeshe chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa, hata kama kivuli ni kitamu na pini iko hapohapo. Nazi hupasua kioo cha paa na paneli ya sola bila kuchagua.

Mchanga wa ufuoni usiutie kwenye hesabu ya barabara. Maji yakipwa unaonekana mgumu kama sakafu, yakijaa hauonekani, na kasa hutaga humo mayai ambayo gurudumu haliyaoni.

Namna ya kuuliza

Kwenye kila kona kuna watu: vijana wa boda, mama wa mahamri, wazee chini ya mwembe. Wanaijua njia kuliko setilaiti, lakini jibu hutegemea swali. Kupiga honi na kupaza sauti dirishani hakufai. Shuka, toa salamu, mpe mzee shikamoo yake, ndipo uulize. Ukisema, "Mzee wangu, njia hii inafika baharini?" utajibiwa inafika, na ni kweli tupu, kwa sababu yeye huifuata kila asubuhi kwa miguu. Afadhali, "Lori la mwisho kuingia huku lilikuwa limebeba nini, na liligeuzia wapi?" Hapo mzee atafikiri. Atakumbuka lori la mawe la jirani, siku liliyokwama, na uwanja wa shule liliporudi kinyumenyume.

Kijana wa boda akitangulia mbele kukuonyesha, ni msaada wa thamani, na anastahili malipo mliyokubaliana kabla ya kuondoka. Mwambie kimo cha gari kwanza. Yeye hajazoea kutazama juu.

Mtandao ukihama nchi

Kusikia setilaiti hakuhitaji bando. Kinachohitaji bando ni ramani yenyewe, na hapo ndipo wengi hukwama wakiwa na simu nzima. Ukielekea Shimoni, Vanga au Lunga Lunga, simu huweza kudaka mtandao wa Tanzania ghafla, data ikakatika au ikaanza kulipiwa bei ya ugenini. Pakua ramani ya Kwale yote ukiwa Ukunda, au kabla hujatoka nyumbani. Google huruhusu hilo. Organic Maps na OsmAnd, zinazotumia ramani huria ya OpenStreetMap, hufanya kazi bila mtandao kabisa.

OsmAnd ina faida moja zaidi: unaweza kuiambia kimo, upana na uzito wa gari, nayo ikaepuka palipoandikwa kuwa hapatoshi. Garmin nayo huuza vifaa maalumu vya makempa vyenye uwezo huo. Ila vyote hutegemea mtu aliyekwisha kupima na kuandika, na vichochoro vya Galu na Sawasawa havijapimwa kama madaraja ya Ujerumani. Pengo hilo wasafiri wenyewe wameanza kulijaza. Tracks4Africa ya Afrika Kusini ilikua kutokana na nyayo za GPS za watu waliopita kweli, na iOverlander hukusanya taarifa za mahali pa kulala kutoka kwa waliolala. Soma tarehe ya kila taarifa. Iliyoandikwa Januari haisemi kitu kuhusu Mei.

Wenyeji wana nusu yao

Lawama zisiishie kwa dereva. Mwenye kambi anayemtumia mgeni lokesheni peke yake ametuma nusu ya habari. Sentensi tatu zingemaliza kazi: lango lina kimo fulani, gari refu linageuzia pahali fulani, mvua ikinyesha ingia kwa njia fulani. Akiziweka pia kwenye OpenStreetMap, ambako kila mtu anaruhusiwa kuchangia, hata mgeni asiye na namba yake atafaidika. Serikali ya kaunti nayo, inayotegemea utalii wa Diani kwa sehemu kubwa ya biashara zake, haitafilisika kwa kuweka vibao vya kimo na vya njia isiyo na mwisho kwenye kona za kwenda ufuoni. Kibao hicho kitamfaa mleta samani na gari la zimamoto vilevile.

Mpaka hayo yafanyike, kazi ni ya msafiri. Kabla hujawasha gari Nairobi, mpigie simu mwenye kambi umuulize kimo cha lango lake. Akijibu kwa kukisia, mwombe atafute tepu ya fundi akapime. Akikataa, chagua kambi nyingine. Pwani Kusini hazikosekani.